Corolla 110 inakula mafuta na taa ya injini haiwaki: ni sensa, ni waya, au ni thermostati?

Swali: "Kaka, habari za kazi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, naendesha kati ya Iringa na Mafinga. Tangu mvua ziishe linakula mafuta kupita kiasi na linatoa moshi mweusi. Asubuhi linawaka vizuri, ila nikisimama sokoni kidogo, nikirudi linapiga starta tu bila kuwaka mpaka nikanyage mafuta. Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi za cheche na sensa ya oksijeni, sikuona nafuu. Wa pili alileta mashine ya kupimia, haikusoma kitu, akasema kontrol boksi imekufa, ninunue ya mtumba. Halafu mshale wa joto siku hizi haufiki katikati. Kuna fundi aliwahi kutoa thermostati akasema kwa nchi zetu haina kazi. Nianzie wapi?"

Nzuri, dada yangu. Kwanza kabisa, pesa ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, iache ilipo. Dalili zako karibu zote zinaelekea upande mmoja: kontrol boksi inaamini injini ni ya baridi wakati injini imeshapata moto. Anayeiaminisha hivyo anaweza kuwa sensa ya joto la maji, anaweza kuwa waya na plagi (kiunganishi cha waya) ya sensa hiyo, na kwa sehemu anaweza kuwa injini yenyewe, kwa sababu ya ile thermostati iliyotupwa, yaani kizuizi cha maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi. Kumjua mhusika kunahitaji mita ya kawaida ya umeme, ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na asubuhi moja yenye nafasi.

Naanza na kwa nini nasema hivyo, ili hata fundi akija na wazo lake uweze kulipima.

Sensa ya joto la maji ni kijiti kifupi cha shaba kilichofungwa kwa nati kwenye njia ya maji, ncha yake ikizama majini. Ndani yake kuna kipande ambacho ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwa Toyota za kizazi hicho, kwenye nyuzi 20 utapata kati ya omu 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 40 utapata omu 900 hadi 1,300, kwenye nyuzi 60 ni 400 hadi 700, na kwenye nyuzi 80 ni 200 hadi 400 tu. Kontrol boksi hupeleka volti 5 kwenye waya wa sensa kupitia risista iliyomo ndani yake, kisha husoma volti inayobaki. Volti ikiwa juu, inajua maji ni baridi. Ikishuka chini ya volti 1, inajua injini imepata moto. Injini ikiwa baridi huongezewa petroli, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Ikipata moto, nyongeza hiyo huondolewa.

Sasa rudi kwenye maelezo yako. Asubuhi linawaka vizuri, kwa sababu injini kweli ni baridi na sensa inasema baridi. Hapo hakuna uongo. Ukitoka sokoni injini ni ya moto, lakini kontrol boksi inamwaga petroli ya kuwashia injini ya baridi, silinda zinalowa, plagi za cheche zinalowa. Ukikanyaga mafuta unafungua njia ya hewa, mchanganyiko unapata uwiano, linawaka na kutema moshi mweusi. Ningepata maelezo hayo tu, bila neno lingine, ningeshafungua boneti kutafuta sensa ya joto kabla ya kitu kingine chochote.

Sensa ya oksijeni ilibadilishwa bure, na sababu yake ni hiyohiyo. Kontrol boksi haifuati sensa ya oksijeni mpaka iamini injini imepata joto la kutosha. Ikiwa kwake injini ni baridi kutwa nzima, oksijeni inapiga kelele "petroli imezidi" na hakuna anayeisikiliza. Hiyo mpya nayo itakuwa inajaa masizi, kwa hiyo usichelewe.

Sasa taa. Watu wengi wanadhani taa isipowaka sensa zote ni nzima. Kontrol boksi za miaka ile hukamata vitu viwili tu kwenye sensa hii: waya uliokatika na waya uliogusana. Ikisoma ukinzani usio na mwisho, au sifuri, inaandika hitilafu namba 22, inawasha taa, na inajifanya maji yako kwenye nyuzi 80 ili gari lisikuache njiani. Lakini sensa iliyokwama kwenye omu 2,500 inasema "leo ni nyuzi 20", na hiyo ni habari inayoaminika kabisa. Kontrol boksi haina njia ya kujua kwamba umetoka Mafinga sasa hivi. Kwa hiyo sensa iliyokufa kabisa ni rahisi kuigundua kuliko inayodanganya.

Hapo kuna jaribio la haraka unaloweza kulifanya leo. Gari likiwa moto, linanguruma na kutoa moshi, chomoa plagi ya sensa hiyo. Taa ya injini itawaka, usiogope. Kama baada ya muda mfupi mngurumo unatulia na moshi unapungua, umepata ushahidi mzito: gari linafanya kazi vizuri zaidi likiwa halina sensa kuliko likiwa nayo. Limeacha kusikiliza uongo, linatumia zile nyuzi 80 za kubuni.

Uwe na uhakika tu unachomoa kilicho sahihi, maana hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Kwenye injini hii kuna vitu vitatu vinavyoonja joto la maji. Kimoja kina waya mmoja tu. Hicho ni cha mshale wa dashibodi na hakina mazungumzo na kontrol boksi. Kingine ni swichi ya feni ya rejeta. Kwenye Corolla nyingi za kizazi hicho, ukichomoa plagi yake huku swichi ya gari ikiwa ON, feni inaanza kuzunguka yenyewe. Unachokitaka wewe kina waya mbili, plagi yake mara nyingi ni ya kijani, nacho kiko upande wa gia, maeneo ya distribyuta ambako hosi ya juu ya rejeta inatokea. Nimeona watu wakinunua sensa ya mshale, wakaifunga, wakarudi wakilalamika kwamba mafuta bado yanaliwa. Mshale ukiwa sawa hauthibitishi chochote kuhusu sensa ya kontrol boksi, na mshale ukiwa mbovu vilevile.

Kuhusu mashine iliyogoma kusoma: haimaanishi kontrol boksi imekufa. Mashine nyingi za gereji zetu zinaongea lugha ya OBD-II, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Corolla yako ilijengwa kwa soko la Japani, ambako sharti hilo halikuwapo wakati huo. Kontrol boksi yako ina lugha yake, nayo haihitaji mashine yoyote. Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1. Hayo mawili tu. Matundu mengine yana umeme wa betri, na ukikosea unaweza kuunguza kitu. Hakikisha AC imezimwa, gia iko huru, hujakanyaga mafuta. Geuza swichi hadi ON bila kuwasha injini, uangalie taa ya injini kwenye dashibodi.

Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ikiwa ipo, taa inahesabu tarakimu: inapepesa mara mbili, inapumzika kidogo, inapepesa mara mbili tena; hiyo ni 22. Mara mbili kisha mara nne ni 24, sensa ya joto la hewa. 31 ni sensa ya mvuto wa hewa, 41 ni sensa ya kipepeo cha mafuta, 21 ni oksijeni. Zikiwa nyingi zinafuatana kuanzia ndogo, kisha zinarudia.

Nikuambie jambo moja hapa ambalo litakuokolea pesa nyingi. Namba inataja njia, haitaji kifaa. 22 inamaanisha kontrol boksi haipendi inachokiona kwenye njia ya sensa ya joto la maji. Kosa linaweza kuwa kwenye sensa, kwenye plagi, au popote waya unapopita. Na ukipata 22, 24, 31 na 41 kwa pamoja, usikimbilie dukani kununua sensa nne. Sensa hizo zote zinarudisha umeme kupitia waya mmoja unaoitwa E2. Waya huo ukilegea, wote wanaonekana wagonjwa siku moja.

Nakuja kwenye thermostati, na hapa nitasema wazi: aliyeitoa alikuharibia gari. Najua hoja yake. Gari lilikuwa linachemsha, akatoa kizuizi cha maji, likaacha kuchemsha, mteja akafurahi. Lakini thermostati ya injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuhakikisha injini inafika hapo haraka na kubaki hapo. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kwa baridi ya Iringa na Mafinga, hasa Juni na Julai, na upepo wa barabarani, injini inaweza kusafiri njia nzima bila kufikia joto lake. Hapo sensa ikisema "bado baridi" inasema kweli, na kontrol boksi inaongeza petroli kwa haki kabisa. Ukibadilisha sensa utapata sensa mpya inayosema kweli ileile. Juu ya mafuta kuliwa, injini inayofanya kazi baridi inalika mapema na oili yake inachafuka.

Mshale wako usiofika katikati unanionyesha tatizo hilo lipo kweli. Lakini peke yake halitoshi kueleza yote. Injini isiyo na thermostati ikisimama sokoni haipozwi na upepo, inakuwa na joto la kutosha, na sensa nzima ingeliona, isingegoma kuwaka. Kwa hiyo nadhani una matatizo mawili yaliyokaa pamoja. Anza na thermostati: nunua yenye alama ya nyuzi 82, pamoja na mpira wake, ifungwe kile kitundu kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu. Ukishairudisha, gari likianza kuchemsha, maana yake ugonjwa wa zamani uliofichwa umejitokeza, huenda rejeta imeziba au feni haizunguki, na huo utibiwe kwenye chanzo chake.

Sasa vipimo. Viache vya asubuhi mapema, gari limelala usiku kucha na boneti haijapigwa na jua. Chomoa plagi ya sensa ya joto la maji, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za sensa. Kwa asubuhi ya Iringa tarajia omu 3,000 na ushei. Andika. Kisha nenda kwenye boksi la kichungio cha hewa, chomoa plagi ya sensa ya joto la hewa, pima pini zake vilevile. Kwenye Toyota hizi sensa hizo mbili zina tabia moja ya ukinzani, na baada ya usiku mzima maji na hewa vina joto karibu sawa. Kwa hiyo namba mbili hizo zinapaswa kukaribiana sana. Moja ikisema 3,100 na nyingine 5,800, mmoja wao anadanganya, na umegundua hivyo bila kipima joto. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kitabu.

Rudisha plagi ya hewa, washa injini, acha ya maji ikiwa imechomolewa kwa muda tu wa kupima. Kila baada ya dakika chache gusa pini za sensa. Namba lazima ishuke taratibu bila kuruka: 3,000, 2,200, 1,400, 800, na kuendelea. Hosi ya juu ya rejeta ikishakuwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, unapaswa kuwa chini ya omu 400. Sensa inayokwama kwenye 2,000 wakati hosi inaunguza, au inayoruka ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, imekwisha. Tupa.

Ukitaka kuipima nje ya gari, subiri injini ipoe ndipo uifungue, kisha itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji pamoja na kipima joto. Kumbuka huko kwenu maji hayachemkii nyuzi 100. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka karibu na nyuzi 95.

Ikiwa sensa imepita mitihani yote, usikate tamaa, maana sasa tunafika ninapopaona mimi ndipo kwenye magonjwa mengi ya magari ya umri huu: plagi na waya. Wewe umesema tatizo lilianza baada ya mvua. Vuta plagi, itazame ndani kwa tochi. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye pini, hiyo ni kutu ya shaba, na kutu ni ukinzani wa ziada.

Tufanye hesabu yake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini gari linaugua likiwa moto tu. Tuseme kutu imeongeza omu 500. Asubuhi sensa ina 3,000. Kontrol boksi inaona 3,500. Tofauti ni nyuzi chache, hutaihisi. Injini ikipata moto sensa inashuka hadi 300. Kontrol boksi inaona 800, yaani inadhani maji yako kati ya nyuzi 40 na 60. Omu zilezile 500 ambazo asubuhi hazikuwa kitu, mchana zimekuwa uongo mkubwa. Na ukiipima sensa peke yake kwa mita, ukiwa umechomoa plagi, itakuambia ni nzima. Itakuwa inasema kweli, kwa kuwa kosa liko kwenye plagi uliyoishika kwa mkono wa pili.

Kwa sababu hiyo pima pia kwa volti, plagi ikiwa imechomekwa na injini ikiwa ya moto. Swichi ON, ncha nyekundu ya mita iingize kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa sensa kwa kutumia sindano nyembamba, ncha nyeusi kwenye waya wa pili. Injini ikiwa na joto lake kamili, tarajia kati ya volti 0.2 na 1. Halafu hamisha ncha nyekundu kwenye waya ule wa pili, E2, na nyeusi iweke kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo unataka karibu sifuri. Ukiona nusu volti, E2 haishiki bodi (ardhi) vizuri, na volti hiyo inajumlishwa kwenye kila kipimo: maji yanaonekana baridi, hewa inaonekana baridi, mvuto unaonekana mdogo. Safisha viungo vya waya za ardhi vilivyofungwa kwenye injini na bodi, vikwangue hadi chuma king'ae, kaza. Chomoa plagi na upime plagi ya upande wa waya: unapaswa kukuta karibu volti 5. Usikubali mtu atumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye waya hizi. Inavuta umeme mwingi kuliko kontrol boksi ilivyoundwa kutoa. Na wale wanaoosha injini kwa pampu ya presha, waambie wasielekeze maji kwenye plagi.

Kabla hujafunga hesabu, tazama kimpira kimoja. Injini yako inajua kiasi cha hewa kupitia sensa ya mvuto iliyofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, ikiunganishwa na manifoldi kwa hosi nyembamba ya mpira. Hosi ikipasuka au ikichomoka, sensa inadhani umekanyaga mafuta hadi mwisho, na petroli inamwagika vilevile, moshi mweusi vilevile. Ila hilo halichagui moto na baridi. Lingekusumbua hata asubuhi. Ukipima volti ya sensa hii, swichi ON injini ikiwa imezimwa, vitabu vinasema kati ya 3.3 na 3.9, lakini hiyo ni kwa usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa Iringa hewa ni nyepesi na utakuta pungufu kwa karibu nusu volti. Fundi aliyezoea Dar es Salaam anaweza kuihukumu sensa nzima kwa hilo, na ndivyo ilivyo kwa Nairobi au Mbeya pia.

Kuna uthibitisho wa mwisho kabla ya kununua sensa, wa bei ya pipi. Nenda kwa fundi redio, mwombe risista ya omu 330. Ina rangi ya chungwa, chungwa, kahawia. Gari likiwa moto na linaugua, chomoa plagi ya sensa, chomeka risista kwenye matundu mawili ya plagi. Umeiambia kontrol boksi kwamba maji yako karibu na nyuzi 80. Gari likitulia, moshi ukaisha, na likawaka kwa pigo moja baada ya kuzimwa, basi waya ni wazima, kontrol boksi ni nzima, na sensa ndiyo mbovu. Likiendelea vilevile, sensa haina hatia; fuata waya. Risista hiyo uiondoe mara tu ukimaliza. Kuna mafundi wanaiacha humo wakisema "nimekurekebishia mafuta". Asubuhi ya baridi gari halitawaka kwa amani, na kontrol boksi itakuwa haijui tena hali ya injini.

Sensa mpya nunua ya kampuni inayojulikana, au ya mtumba iliyotoka Japani ambayo umeipima wewe mwenyewe dukani. Mita iende nawe. Muuzaji anayekukatalia kupima, ondoka. Ishike mkononi dakika moja huku mita imeunganishwa, utaona namba ikishuka kwa joto la kiganja chako. Ifungwe na washa (kipete cha kuzibia) yake, bila kubandika utepe mwingi wa plastiki kwenye nyuzi, na isikazwe kwa nguvu nyingi. Inafungwa kwenye alumini. Jaza kulanti badala ya maji ya bomba, kwa sababu chumvi ya maji ndiyo inayojenga ganda kwenye ncha ya sensa. Toa hewa yote kwenye mfumo kwa kuacha injini ingurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, kamwe usiufungue ikiwa moto. Ncha ikikaa kwenye povu la hewa haisomi maji. Mwisho chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja kufuta kumbukumbu.

Halafu vuta kijiti cha oili, ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili na filta yake hata kama muda haujafika. Petroli iliyozidi imeosha kuta za silinda na kuteremka chini. Plagi zako mpya za cheche zisafishwe masizi. Na jua kwamba ukiendelea kuendesha hivi, petroli isiyoungua itaungulia kwenye masega ya eksozi (kisafisha moshi), ambayo bei yake haifanani na ya sensa.

Kontrol boksi ndiyo ya mwisho kushukiwa, na ushahidi wake ni mmoja: sensa imepimwa ni nzima, waya umepimwa toka plagi hadi kwenye boksi ni mzima, E2 inashika, na bado volti 5 hazitoki kwenye boksi au risista haibadilishi kitu. Hata hapo, ifunguliwe kwanza na fundi wa elektroniki aangalie njia zilizoliwa na unyevu.

Rudisha thermostati wiki hii, kisha niandikie namba tatu: omu za sensa ya maji asubuhi, omu za sensa ya hewa asubuhi ileile, na volti ya sensa ya maji injini ikiwa ya moto. Nikizipata nitakuambia ununue nini, au kama huna haja ya kununua kitu.